Njia ya Akiba ya Kiwanda cha Halawa

Jumatatu asubuhi Ibtihal alikabidhiwa ngazi, tochi na penseli, akaambiwa ajifunze jinsi mtandao wa kompyuta wa kiwanda ulivyoundwa, auchore, asiguse kitu. Kilikuwa kiwanda cha halawa ya ufuta, Tanta, chenye matawi Aleksandria na Aswan. Mkubwa wake, mhandisi Wagdi, hakuwa na ramani. Fundi aliyeujenga mtandao alihamia Kuwait, akahama nayo kichwani.

Basi akafuata nyaya. Za uhasibu zilipita juu ya dari, za mauzo nyuma ya mapipa ya ufuta, zote zikateremka kwenye kichumba cha chini ya ngazi. Humo alikuwa ameketi kitini Mzee Zaghlul, mlinzi wa zamani, nyaya zimemwingia vidoleni.

"Karibu, mhandisi," alisema mzee. "Taratibu, mwanangu, unanikanyagia Aleksandria."

Ibtihal akaondoa mguu, akauliza ghala ni kidole kipi.

"Gumba la kushoto. Aswan ni hiki kidogo. Joto likizidi kule, kinaniwasha."

Mashine ya kuunganishia iliungua zamani, Wagdi akamwomba mzee ashike nyaya mara moja, yeye akanunue mashine nyingine. Mwaka ule binti wa mzee alianza shule. Sasa anafundisha shule hiyohiyo. Umm Dalal, mpika chai, ndiye humlisha maharage kwa kijiko. Ibtihal akachora duara, akaandika ndani yake: Zaghlul.

Jumatano ikaja habari kwamba ndugu wa mzee amefariki mjini Kafr el-Zayat, na maziko ni baada ya alasiri. Maiti hailazwi hadi kesho.

"Nikiachia, kiwanda kinazimika," alisema mzee, akitazama mikono yake.

Ibtihal akapanda kwa Wagdi. "Mtandao hauna njia ya pili. Tununue mashine leo, mzee akamzike nduguye."

"Wiki ya Maulidi? Oda zinaingia kama nzige! Mpe pole zangu. Mwakani, inshallah."

"Maiti itangoja mwakani?"

"Ulimi huo, binti! Nenda kachore."

Akashuka. Akaketi sakafuni kando ya mzee, akazipokea nyaya kidole kwa kidole. Aleksandria hawakugundua lolote. Oda za wanasesere wa sukari wa Maulidi zikampita viwikoni kama maji ya uvuguvugu.

"Una mikono mizuri," alisema mzee, akitafuta viatu. "Pua ikikuwasha, mwite Umm Dalal."

Mzee alirudi jua likizama, ana udongo kwenye kucha. Alimkuta Wagdi mlangoni na ramani mkononi, uso umemchangamka.

"Kumbe umelitatua mwenyewe!" Wagdi alikuwa akimwambia Ibtihal. "Sasa tuna njia ya akiba." Akachora duara la pili, akaandika ndani yake: Ibtihal, akatia sahihi.

Mzee akanyoosha mikono apokee nyaya zake.

"Nusu tu, mzee," alisema Wagdi. "Nyingine mwachie."

Kesho yake kikaletwa kiti cha pili, kipya, kingali na nailoni.