Udongo wa Kimwani

Kijiji cha ujamaa cha Ngenge kilipoanzisha kitalu cha miti ya matunda, Ildefons, aliyekuwa msimamizi, alimwomba dada yake Ephrasia amchagulie udongo wa kuoteshea. Ephrasia alijaribu mara kadhaa. Wa bondeni ulituamisha maji, mizizi ya michungwa ikaoza. Wa mtoni ulikauka kabla ya adhuhuri. Mwisho alileta kikapu kimoja kutoka kibanja, shamba la migomba la marehemu mama yao, kule Kimwani walikoishi kabla ya kuhamishiwa Ngenge. Mama alikuwa amekilisha kibanja kile samadi na nyasi maisha yake yote, na Ephrasia alikuwa bado anakwenda kukipalilia. Miche ikachipua vizuri.

"Tutachukua vikapu vichache tu, kaka," alisema. "Pembezoni, mbali na mashina."

"Vichache tu," Ildefons akakubali.

Wiki iliyofuata akamtuma Bukoba kuchukua makopo ya kumwagilia. Huko aliambiwa hayajafika, asubiri. Aliporudi mikono mitupu, alikuta kitaluni lundo jeusi lililozidi kimo chake, na ndani yake mizizi ya migomba iliyokatwa. Alitembea hadi Kimwani.

Lori la kijiji lilikuwa limepita katikati ya kibanja. Migomba imelala. Palipokuwa na udongo wa mama yake pamebaki wekundu mtupu. Aliketi kidogo juu ya mgomba mmoja, kisha akarudi kitaluni.

Alimkuta Ildefons akijaza udongo kwenye viriba vya kuoteshea miche.

"Ungeniambia."

"Ungekataa. Na wageni wa wilaya wanakuja, miche inatakiwa mingi."

"Kwa hiyo makopo ya Bukoba?"

Ildefons aliendelea kushindilia udongo kwa vidole. "Kibanja ni cha ukoo, Ephrasia. Wewe ulikuwa unakitunza tu."

Miche ilistawi kuliko ya vijiji vyote vya jirani. Siku ya wageni Ildefons alimwita aje asimame karibu naye, apongezwe. Ephrasia akamjibu mbele ya watu, "Nina kazi, ndugu msimamizi," akaenda zake kwenye shamba la pamba. Tangu hapo hakumwita kaka.

Masika yalipoanza alipanda maharage kwenye ule wekundu wa Kimwani. Yaliota ya manjano, membamba. Aliyapalilia hivyo hivyo.