Mtoto wa Abetare

Dada yangu Drande alimpiga mwanawe kofi la mdomo kwa sababu alisoma vizuri.

Nilikuwa nimekaa kizingitini, viatu bado vina vumbi la Ugiriki, nikila jibini na mkate. Mtoto aliokota sanduku tupu la risasi uani akasoma maandishi yake bila kukwama, kama mtu anayeteremka mlima anaoujua: "Weka mbali na moto na unyevu." Kofi likatua. Marash akatema damu mchangani, akamtazama mama yake bila kulia.

"Nimekuambia usome vipi?"

"Kijinga."

"Haya. Soma kijinga."

Mtoto akavuta pumzi. "We... we... ka. M... mba..."

"Hivyo hivyo." Akampangusa mdomo kwa ncha ya kilemba chake, akambusu pale pale alipompasua.

Nimezunguka sana duniani. Nimelala na wachuma machungwa na wavunja mawe, nimeona baba akimpiga mwanawe kwa kutojua kusoma, na mapadri wakimpiga kwa hilo hilo. Huyu wa kupigwa kwa kujua nilimwona kwetu tu, katika milima ya kaskazini ya Albania, tena ni damu yangu.

Mambo yalianza na maji. Kiangazi kilichotangulia, zamu ya mfereji ilikuwa ya shemeji yangu Pashk, na jirani yake Bardhok akaukata mfereji ili anyweshe mahindi yake. Wakatukanana mama zao, kisha bibi zao. Pashk akainua sepeto akampiga nalo shingoni, mara moja tu, na Bardhok akaangukia mferejini akauziba kwa mwili wake. Walipomtoa, maji yaliyofika shambani kwa dada yangu yalikuwa mekundu. Mahindi yakanywa. Mahindi hayana dini.

Serikali ilimfunga Pashk. Lakini kwetu jela ni ya serikali na damu ni ya nyumba. Damu hufuata upande wa baba, kwa hiyo deni liliwashukia waliobaki: mzee Gjelosh, baba yake Pashk, na Marash, ambaye meno ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yanang'oka. Madirisha yakazibwa kwa matofali. Mzee hakulikanyaga tena jua. Mimi, mjomba wa upande wa maziwa, yaani wa mama, nilipita mbele ya bunduki za nyumba ya Bardhok nikipiga mluzi. Hawakunihesabu. Walimpiga risasi mbwa wetu, wakampiga risasi ng'ombe wetu akiwa na mimba, wakalitoboa lango mpaka likawa kama chekeche, na mimi wakanisalimu.

Wazee walikwenda kwa Noc, ndugu wa marehemu, kumwombea mtoto besa, yaani lile neno la heshima ambalo mtu wa kwetu akilitoa hulishika hata likimuua. Noc aliiacha kahawa ipoe. Kisha akasema:

"Mtoto wa abetare hajui lolote. Na aende shule, hakuna atakayemgusa. Siku atakapoiacha abetare, ni mwanamume, na wanaume nawahesabu."

Abetare ni kitabu cha darasa la kwanza, cha herufi na sauti zake: picha ya punda, picha ya kisima, silabi chini yake. Wazee waliridhika. Walidhani wamepata mwaka mzima, na mtoto mzito wa kichwa angepata miwili, na katika muda huo labda Mungu angelegeza moyo wa mtu. Watu wa milimani tuna akili ya kupima kila kitu, chumvi, mbao, heshima. Hatukuwahi kufikiria mtoto aliyekwisha kukimaliza kitabu kabla hakijafunguliwa.

Aliyemfundisha ni babu yake. Wamefungiwa pamoja gizani, mzee hana shamba wala kondoo, angefanya nini? Alimsomesha kwa pakiti za sigara na kalenda ya kanisa. Drande alipogundua, alimrushia mkwewe kifuniko cha chungu kikampasua nyusi.

"Umemuua mjukuu wako, mzee wee!"

"Nimempa macho," mzee akajibu, damu ikimwingia jichoni. "Wewe ulitaka nimpe nini, ushanga?"

Wiki niliyofika, mwalimu Mrika alipanda kutoka mjini kuja kuzungumza na dada yangu. Msichana mwembamba, viatu vya kutembelea lami. Drande alikuwa akikata vitunguu.

"Dada Drande, mtoto huyu simwelewi. Ubaoni anagugumia, lakini nimemwona akisoma gazeti nililofungia chakula, macho yanakimbia na midomo inacheka. Abetare hana haja nayo. Jumatatu nampandisha la pili."

Sikuona dada yangu akiinuka. Nilimwona tu amemshika mwalimu nywele, kisu cha vitunguu kiko kooni.

"Mpandishe. Mpandishe uone."

Niliingia katikati, kisu kikanichana kiganja, na hata leo kidole cha mwisho hakikunjiki. Mrika alikaa chini akishika koo, analia kwa sababu ya vitunguu au kwa sababu nyingine. Nikamweleza neno la Noc.

"Mtoto akizuiliwa kwenye anachokijua anaoza," alisema. "Nimeshaona. Anaanza kuchukia kitabu, halafu anamchukia aliyempa. Mimi nimesomea kufundisha, sikusomea kudanganya."

"Basi jifunze. Hujachelewa."

"Na ukweli?"

"Ukweli una mama?" Drande akamwuliza. "Wangu ana mama."

Nilimwambia dada nimchukue mtoto nivuke naye mpaka. Akanitemea mate miguuni. Anayekimbia amejihesabu mwanamume, alisema, na besa haivuki mpaka. Mrika naye hakukubali wala hakukataa. Alisema sherehe ya abetare ndiyo itakayoamua, kama kwa watoto wote: kila mmoja asome ukurasa mbele ya wazazi. Atakayesoma atapanda.

Basi wiki hizo dada yangu alimfundisha mtoto ujinga. Alimsimamisha ukutani na fimbo ya mzabibu mkononi. Silabi ikitoka laini, fimbo. Ikitoka imevunjika, tini iliyokaushwa. Mapaja ya mtoto yakawa na mistari kama daftari. Usiku nilimsikia akinong'ona chini ya blanketi, anajisomea kichwani kitu kizima, haraka haraka, kama mwizi anayekula.

Siku ya sherehe, watoto walisimama jukwaani, kila mmoja na herufi ya kadibodi kifuani. Bunduki zilibaki zimeegemezwa mlangoni, kama ilivyo desturi. Noc alikaa benchi la mbele kwa sababu Vitore, binti wa marehemu ndugu yake, alikuwa darasa hilo hilo. Kando yake alikaa binamu yao Vlash, kijana wa maneno mengi, koti limefungwa mpaka juu na joto lote lile.

Marash akaitwa. Alisoma kijinga vizuri mno. Alikwama kwenye punda, akakwama kwenye kisima, watu wakacheka, na dada yangu akaachia pumzi niliyodhani ameishika tangu kiangazi kile.

Kisha akaitwa Vitore. Ukurasa wake ulikuwa wa baba anayerudi na mkate. Alisoma mstari mmoja, akafika kwenye neno baba, akanyamaza. Nyuma mtoto mmoja akacheka, akafuata mwingine.

"Soma, mama," Noc akamwambia polepole. Hakuweza.

Marash hakutoka alipokuwa amesimama. Alinyoosha kidole akakiweka chini ya neno lile katika kitabu cha msichana, akalisoma, kisha akaendelea kumsogezea kidole: baba amerudi, mvua imemnyeshea, mkate umekauka chini ya koti. Sauti yake ilikuwa safi, haikugonga jiwe hata moja. Msichana akamfuata neno kwa neno mpaka mwisho wa ukurasa.

Kando yangu Drande alitoa mlio ambao nimewahi kuusikia kwa mnyama tu.

Vlash alikuwa amesimama. "Amesoma! Mmesikia wote! Abetare imekwisha!" Koti likafunguka, bastola ikatoka.

Noc alichukua kigoda cha mwalimu akampiga nacho binamu yake usoni. Bastola ikalia, plasta ya dari ikawamwagikia watoto. Akampiga tena mkononi, nikasikia mfupa. Akampiga tena alipokuwa chini, mpaka mguu wa kigoda ukavunjika, na damu ikarukia kadibodi za mstari wa mbele. Watoto walikuwa wamelala chini, wamejifunika kwa herufi zao.

Noc akageuka kutukabili. Alikuwa akihema.

"Mwenye damu ni mimi au ni huyu?"

Akakitupa kigoda kilichovunjika.

"Mimi nimemsikia binti yetu akisoma. Mwingine alikuwa akiropoka, kakariri kama kasuku. Yuko aliyesikia tofauti?" Aliyatazama mabenchi, moja moja. "Mwalimu. Mtoto huyu anajua kusoma?"

Mrika alikuwa mweupe kwa plasta, nywele mpaka viatu. Alimtazama Marash, akamtazama Drande.

"Hajui," akasema. "Atarudia."

"Najua!" Marash akapiga kelele. "Najua mimi! Nasoma kila ki..."

Drande alikuwa amekwisha ruka jukwaani na kumziba mdomo. Mtoto akamng'ata kiganja. Akang'ata kama mbwa, mpaka damu ikamtiririka mama kiwikoni, na mama hakuutoa mkono. Alitoka naye hivyo hivyo mlangoni, kando ya bunduki, akimshukuru Noc kwa kichwa.

Alirudia mwaka ule. Akarudia tena, na tena, mpaka magoti yakawa hayaingii chini ya dawati na wadogo wakamwita babu. Aliwapiga, wakampiga. Kwa miezi mingi hakumsemesha mama yake. Mrika, ambaye hakusomea kudanganya, alinunua gundi mjini. Jalada la abetare likabaki lile lile lenye punda, ila ndani yake kila baada ya wiki chache palikuwa na kitabu kingine.

Siku moja ya theluji nilikuwa nikimsindikiza shule, tukakutana na Noc njiani na nyumbu wake, bunduki begani. Alisimama. Alinyoosha mkono, na Marash akampa kitabu. Noc akakifungua. Kilikuwa na maandishi madogo madogo, kurasa zimejaa, hakuna picha hata moja. Akafunua ukurasa mmoja, akafunua mwingine. Nyumbu alikung'uta masikio. Mimi nilikuwa nimeshika jiwe ndani ya mfuko.

"Umefika wapi?" akamwuliza.

"Herufi ya kwanza, ami."

Noc alikifunga kitabu, akakipangusa theluji kwa mkono wa koti, akakirudisha mkobani kwa mtoto, akafunga na kishikizo.

"Polepole basi," akasema, akamchapa nyumbu wake.