Kaya Namba Arobaini na Moja

Esta alikuja Mugeta mwezi wa tano, amefuatana na Mashimba, afisa mifugo wa kata. Esta alikuwa ametumwa na mradi mmoja kupima jinsi watu wanavyokabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Maswali yote yalikuwa ndani ya kishikwambi.

"Miaka mitatu iliyopita mama ulikuwa na ng'ombe wangapi?" alimuuliza Ghati, mfugaji wa pale.

"Tulikuwaga na kumi na tisa."

"Na sasa?"

"Wawili."

Esta alibonyeza, akatabasamu kidogo. Ghati akasubiri aulizwe wale kumi na saba wameenda wapi. Hakuulizwa. Swali lililofuata lilihusu choo.

Mwezi wa nane Mashimba alimwambia Ghati kwamba anatakiwa Musoma, kwenye mkutano wa mradi. Ghati alivaa gauni la kanisani, akapanda basi pamoja naye. Ukumbi ulikuwa mtaa wa Iringo, una viti vyenye vitambaa vyeupe. Ukutani ikatokea picha aliyopigwa na Esta, amesimama kwenye zizi tupu. Mwenyekiti akasoma: kata ya Mugeta, asilimia sitini na moja ya kaya zimepunguza mifugo ili kuhimili ukame. Mfano ni kaya namba arobaini na moja, ya mama Ghati Keraryo. Watu wakapiga makofi.

Alipopewa kipaza sauti aseme neno la shukrani, Ghati alikishika kwa mikono miwili.

"Mimi sikupunguza," alisema. "Walikufa. Lambo la kunyweshea lilikauka, tukawapeleka mbali kutafuta maji, wakawa wanaanguka njiani. Mume wangu aliwachuna saba kwa mkono wake. Baada ya hapo alilala tu, hakutaka kula, mpaka na yeye tukamzika."

Mwenyekiti alimshukuru kwa mchango wake, akaita mtu mwingine.

Wakati wa chai Esta alimfuata, macho mekundu. "Mama, nisamehe. Fomu haikuwa na sehemu ya kuandika sababu. Na takwimu zimeshaenda Dodoma, zinaingia kwenye ripoti ya nchi."

"Si uwaambie wazirudishe?"

"Nimewaambia. Wamesema zimeshajumlishwa."

Waliporudi na kushuka Nyamuswa kutafuta bodaboda, Mashimba alimwambia, "Umeiaibisha kata." Akapanda bodaboda peke yake, akamwacha.

Mvua za vuli hazikunyesha. Mwezi wa kumi na moja Mashimba alifika tena kwa Ghati, akasimama uani. Malambo mapya yalikuwa yamegawiwa, alisema, na Mugeta haikupata hata moja. Yalipelekwa kwenye kata zenye alama za chini. Kwa ripoti ile, Mugeta ilihesabiwa kuwa imeshahimili.

Ghati alimsikiliza akiwa juu ya ngazi. Alikuwa anang'oa nyasi za paa la jiko la zamani, anazitupa chini, na wale ng'ombe wawili wanazila na vumbi lake.

"Sogea kidogo, afisa," alimwambia. "Zitakuangukia."