Kiti cha Mkuu na Mguu wa Mjomba

Jina la Pilika alipewa na mjomba wake angali anatambaa, kwa kuwa hakuwa mtoto wa kutulia mahali hata kwa kufungwa kamba. Alipotimiza miaka thelathini na tisa jina lilikuwa bado linamkaa, ingawa kazi yake ilikuwa ya kukaa kitako. Alikuwa karani wa masjala katika ofisi ya ardhi, chumba kisicho na dirisha. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akipokea majalada, akiyagonga muhuri, akiyapanga, kisha akiyatafuta upya baada ya kupotezwa na walioyaazima.

Mwaka ule cheo cha mkuu wa masjala kilimpita puani kwa mara ya pili, kikamwendea mtu ambaye Pilika mwenyewe ndiye aliyemfundisha kupanga majalada. Alirudi nyumbani moto unamtoka masikioni.

"Naacha kazi," alimwambia mumewe, mwalimu wa hesabu, aliyekuwa akisahihisha madaftari mezani.

"Uende wapi?"

"Popote."

"Popote si mahali, mama watoto. Hata basi huandikwa kule liendako."

Ikawa miezi ya mahangaiko. Wiki hii anataka udereva wa malori, wiki ijayo ususi. Alijiandikisha darasa la kuoka keki, akaliacha keki ya kwanza haijapoa. Fomu za vyuo zikajaa kwenye droo hadi soksi zikakosa pa kukaa. Akiketi anasimama, akisimama hajui alichosimamia. Ofisini akimwona mkuu mpya akipita na funguo zake, anagonga muhuri kwa kishindo.

Katikati ya hayo, mjomba akakatwa mguu. Kisukari kilianza na kidole, kikaingia unyayo, na madaktari wakaukata mguu wa kulia chini kidogo ya goti. Mjomba alikuwa kinyozi, mtu wa kusimama kutwa na kupiga soga kutwa, na hakujaliwa mtoto. Mpwa ndiye aliyekuwa mtoto. Pilika akachukua likizo, akawa akimsafisha kidonda, akimfunga bendeji na kumgeuza kitandani pale hospitalini. Jamaa waliokuja kumjulia hali waliimba wimbo mmoja: "Wewe ulizaliwa uwe muuguzi!"

Sifa ni tamu, hasa kwa mtu aliyekosa hata shukrani kwa miaka kumi na minne. Pilika akachukua fomu ya chuo cha uuguzi, akaijaza palepale kando ya kitanda. Mjomba akamtazama.

"Mpwa wangu, nikwambie kweli, hutanuna?"

"Niambie, mjomba."

"Unanifungua bendeji kama unayebandua stempu kwenye bahasha. Mimi unanipenda, hilo sina shaka. Wagonjwa huwapendi. Juzi jirani yangu wa kitanda cha pili alikuomba maji mara tatu."

Pilika alinuna siku mbili. Siku ya tatu aliichana ile fomu, maana mjomba hakuwa amesema uongo.

Kigutu kilipopona, aliongozana naye hadi karakana ya viungo bandia, nyuma ya hospitali. Ndani mlikuwa na vumbi jeupe la jasi kila mahali, na miguu ya plastiki imetundikwa ukutani kama makoti. Fundi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, penseli nyuma ya sikio, mkavu wa maneno. Alimwamkia mjomba, akampima, akawaambia warudi baada ya wiki mbili.

Waliporudi, mjomba alivaa mguu wake mpya, akatembea hatua sita akishika reli ya kujifunzia kutembea, kisha akakaa, uso umekunjamana.

"Huyu mpangaji mpya ana ugomvi," alisema.

Pilika akapiga magoti. Upande wa nje wa kigutu palikuwa na wekundu wa duara. "Kwa nini hapa tu?" aliuliza.

"Hapo ndipo kichwa cha mfupa kilipo," fundi akajibu. "Lakini nilimwachia nafasi."

"Ulimpima amekaa. Mjomba akisimama anamwaga uzito wote nje. Ndivyo alivyosimama kando ya kiti cha kunyolea miaka yote, ili avione vichwa vya watu kwa upande."

Fundi akachomoa penseli. "Weka alama, dada."

Kisha akampa tupa, akasimama begani pake kumwelekeza. Pilika akakwangua kidogo kile kikombe ambamo kigutu huingia, mjomba akajaribu. Akakwangua tena, akajaribu tena. Alipoinua kichwa, chakula cha mchana kilikuwa kimeshapita na mjomba alikuwa akitembea bila reli, akilalamika njaa.

"Kazi hii inasomewa miaka mingapi?" Pilika aliuliza.

"Mitatu. Lakini usinipe jibu leo. Wengi huja hapa na huruma, na huruma yenyewe Jumatano huwa imekwisha. Njoo Jumamosi ufagie, nikuone."

Alikuja Jumamosi kumi na moja. Alifagia jasi, akakoroga jasi, akakohoa jasi. Fundi, ingawa alikuwa mdogo wake kwa miaka tisa, alimfokea kama mwanafunzi, naye alikula maneno yake na kurudi wiki iliyofuata.

Ndipo Jumatatu moja mkurugenzi akamwita. Mkuu wa masjala amehamishwa. Kiti ni chako, alimwambia, pamoja na ofisi yenye dirisha. Pilika akaomba apewe hadi Ijumaa.

Siku nne zile zilikuwa mbaya kuliko miezi yote iliyotangulia. Hasira iliyokuwa ikimsukuma nje ilikuwa imetoweka ghafla kama povu, na bila hasira alijihisi mwepesi, hana pa kushika. Aliingia ile ofisi, akakaa kwenye kiti, akakizungusha, akachungulia dirishani, akatoka. Alasiri aliingia tena. Alhamisi, saa ya mapumziko, akaenda kwa mjomba, aliyekuwa amerudia kazi yake ya kinyozi kwa nusu siku.

"Ulichokililia umekipata," mjomba alisema, mashine ya kunyolea mkononi. "Sasa tatizo nini?"

"Mkurugenzi alipokuwa akinisifu, mjomba, sikumsikia hata nusu."

"Ulikuwa wapi?"

"Kuna mama mshonaji, anataka mguu wa kukanyagia cherehani. Kifundo kikiwa wima, pedali haishuki. Kikilegezwa sana, hatembei. Nilikuwa nafikiria kifundo kikunjwe pembe ya nyuzi ngapi."

Mteja kwenye kiti akageuza kichwa, mashine ikamkwaruza kidogo. "Basi mwambie mkurugenzi hivyohivyo," alisema, akijishika sikio, "halafu mniache ninyolewe."

Ijumaa alikikataa kiti.

"Tumekukosea?" mkurugenzi aliuliza.

"Mlinikosea, mzee, tena mara mbili. Lakini siondoki kwa sababu hiyo. Ningekuwa naondoka kwa hiyo, leo mliponipa kiti ningebaki."

Chuoni alikaa na wenzake waliolingana na kifungua mimba wake. Alianguka mtihani wa mifupa na misuli, akaurudia. Mumewe alijifunza kupika wali, na kwa muhula mzima familia ilikula uji wa mchele ikiuita wali. Kuna asubuhi Pilika alilia chooni kwa uchovu, akanawa uso, akaenda darasani.

Alipohitimu alirudi karakanani, na mguu wa kwanza alioutengeneza peke yake ulikuwa wa tarishi wa posta. Ulirudishwa baada ya siku tano: unabana. Akaurekebisha. Ukarudishwa tena: unapwaya. Akaurekebisha tena, na wiki nzima hakukaa kitini. Kila mlango wa karakana ulipolia aligeuka.

Tarishi alirudi mara ya tatu siku ya Jumanne. Pilika akaweka tupa chini na kuvuta stuli.

"Wapi safari hii?"

"Hapaumi," tarishi akasema, amesimama mlangoni. "Nimekuja kuuliza tu. Baiskeli nitaweza?"

Pilika alimtazama goti, akatazama kifundo, akafikiri. Hakujua.

"Ilete tuone," alimwambia.