Kilo Mia Nne na Ishirini

Trela la kwanza alilotengeneza Bwana Nguma lilipimwa kwenye mizani ya muuza vyuma chakavu, pale pale Magongo, likatoka kilo mia nne na ishirini. Alifurahi, kwa kuwa yeye alikuwa amekisia mia nne. Akaniagiza niandike ubavuni kwa rangi nyeupe, maana kila trela linatakiwa lionyeshe uzito wake likiwa tupu. Nilizikata zile namba kwenye karatasi ya boksi, nikaibandika kwenye chuma, nikapiga rangi.

Trela la pili lilipokuja akasema, "Piga ile ile." La tatu pia. Yalikuwa matrela madogo ya kubebea jenereta na matangi ya maji, na hakuna mteja aliyeuliza. Kwa miaka minne nilipiga mia nne na ishirini kwenye matrela kumi na moja. Karatasi ilipochakaa nilikata nyingine.

Mimi ndiye mpaka rangi wa karakana ile. Niliacha shule darasa la sita, na Bwana Nguma alinichukua kwa sababu mkono wangu hautetemeki. Kazi yenyewe inanifaa. Mpaka rangi huwa amewapa watu mgongo.

Trela la kumi na mbili lilikuwa la Bwana Gershom. Yeye ni mtu wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini, lakini Jumapili moja moja hushindana na wenzake katika kiwanja cha vumbi, njia ya kwenda Kaloleni. Gari lake la mbio halina viti vya nyuma wala kibali cha kupita barabarani, kwa hiyo lazima libebwe. Trela lake la zamani lilikuwa limevunjika kwenye shimo. Safari hii alitaka chuma.

"Nataka trela la kuwarithisha wajukuu," alimwambia Bwana Nguma.

"Utawarithisha na wa jirani," Bwana Nguma akamjibu.

Alilitengeneza kwa mbavu za lori lililokufa, akalitandika mabati mazito yale ya sakafu za malori, akaweka ekseli mbili. Siku ya kulitoa nje lilisukumwa na watu saba. Mengine yote yalisukumwa na watatu. Nilisimama kando na kopo langu la rangi, nikaona jinsi miguu yao ilivyokuwa ikichimba mchanga.

"Mzee, hili si kama yale," nilisema.

Bwana Nguma alikuwa kwenye simu. Alinionyesha kwa kidole pale pa kuandika, akafunika simu kwa kiganja. "Ile ile."

Nikapiga.

Aliyeajiriwa kulivuta ni kaka yangu, Kaingu. Alikuwa dereva wa pikapu ya Bwana Gershom tangu Januari, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza aliyoipata kwa leseni yake. Kabla ya hapo alikuwa akisukuma mkokoteni Kongowea. Watu hudhani madereva wote ni watu wa pupa. Kaka yangu si hivyo. Akitoka nyumbani hurudi kuukagua mlango alioufunga yeye mwenyewe.

Jumamosi ile asubuhi, gari la mbio likiwa limeshapandishwa na kufungwa minyororo, alichuchumaa akaokota kipande cha chaki cha mafundi.

"Bosi, vyote pamoja vina uzito gani?"

"Si umeandikwa ubavuni? Au huoni?" Bwana Gershom alikuwa akivaa glavu. Aligeukia wenzake. "Nilitafuta dereva, nimepewa mhasibu."

Wakacheka. Kaingu alicheka nao, kisha akaendelea kuandika kwenye saruji. Pikapu, elfu moja mia sita na hamsini. Gari la mbio, mia tisa na themanini. Magurudumu ya akiba na vyuma vya kazi, mia mbili. Akainua macho akatazama ubavu wa trela. Mia nne na ishirini.

"Elfu tatu mia mbili na hamsini," alisema. "Leseni yangu inakomea elfu tatu na mia tano, gari na trela na mzigo. Zaidi ya hapo wanataka daraja jingine. Nina nafasi ya kilo mia mbili na hamsini. Naweza hata kukubeba wewe, Nyamvula, na sufuria zako."

Wanaume walikuwa wakinitazama. Nilitazama chini.

"Namba hii ni mkono wako?" aliniuliza.

"Ni wangu."

"Basi," akasema, akaifuta chaki kwa kiatu.

Nilikuwa na nafasi ya kusema wakati alipokuwa akifunga mlango, na nafasi nyingine alipotelemsha kioo ili aniage. Nilifungua mdomo. Bwana Gershom akapiga honi ya gari lililokuwa mbele, wakaondoka.

Kaingu alinipigia simu saa nne. Walikuwa wamesimamishwa kabla ya kufika Mariakani, mahali ambapo askari wa barabarani walikuwa na mizani ya kubebeka. Walikuwa wamelishusha gari la mbio, wakalipima trela peke yake.

"Linasoma elfu moja mia moja na thelathini," Kaingu alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza.

Nilisikia malori yakimpita.

"Wanakutaka kituoni," akasema. "Wewe na Mzee Nguma."

Kituoni tulipokelewa na Sajenti Milcah, mama mnene wa bara aliyekuwa na kitambaa cha kujifutia jasho mabegani. Alikuwa mpole. Nadhani angalikuwa mkali ningaliweza kumjibu vizuri zaidi.

"Nani mwenye trela?"

"Mimi," alisema Bwana Gershom. "Lakini mimi ni mnunuzi, afande. Nimelikuta limeandikwa."

"Nani fundi?"

"Mimi ni wa vyuma," Bwana Nguma alisema. "Mambo ya rangi ni ya huyu binti."

Wote wawili walikuwa wamesema kweli. Sajenti akanigeukia.

"Dada, nani alikwambia uandike hiyo namba?"

"Ni ile ile," nilisema.

"Sauti, mama."

"Ni ile ile tunayopiga."

"Tunayopiga, wewe na nani?"

Nilimtazama Bwana Nguma. Alikuwa akiisoma kalenda iliyokuwa ukutani, kana kwamba alikuwa na siku anayoitafuta. Kichwani nilikuwa nayo yote: muuza vyuma chakavu, karatasi ya boksi, watu saba, kidole kilichonionyesha pa kuandika. Lakini sikujua lipi linatangulia, na Sajenti alikuwa ameshika kalamu, na kila nilichokuwa nacho kilikuwa kirefu kuliko mstari wake.

"Naandika tu, afande," nilisema. Akaliandika hilo.

Kisha aliweka kalamu chini akamtazama kaka yangu.

"Dere, nisikilize. Umevuta uzito ambao leseni yako hairuhusu. Hilo halikwepeki. Lakini kama hukujua, kama ulidanganywa na maandishi, nitaandika hivyo, na hakimu huwa anaangalia. Unaweza kuonywa tu, urudi na leseni yako. Ila nikiandika ulidanganywa, ni lazima niandike na aliyekudanganya. Namba ya uongo kwenye chombo cha barabarani ni kesi peke yake."

Hakunitazama aliposema hayo. Aliniogopea.

"Ulijua au hukujua?"

Kaingu aliishika leseni kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea sahani.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni zito."

"Kaka, sivyo," nilisema.

"Nyamaza," akasema, kwa sauti ile ya nyumbani, wala si ya hasira. "Afande, andika nilijua."

Sajenti akaandika. Bwana Nguma aliiacha kalenda.

Nje, chini ya ukuta, Kaingu alisimama kufunga kamba ya kiatu. Akaniuliza akiwa bado ameinama.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua. Lilisukumwa na watu saba."

Aliitikia kwa kichwa. Akafunga na kamba ya pili, ambayo haikuwa imefunguka.

"Mimi sikumdanganya sana yule mama," alisema. "Kwenye mteremko breki zilikuwa zikichelewa. Nilihisi mgongoni trela likinisukuma. Nikajiambia nisimame nikague. Halafu nikajiambia, lakini ile namba ni ya Nyamvula."

Kesi ilitajwa baada ya wiki mbili. Siku hizo zote nilikuwa nikijifunza maneno nitakayosema. Nilikuwa nikiyasema nikiosha brashi, nikiyasema njiani: Mimi ndiye niliyeandika, kaka yangu aliniamini. Yalikuwa maneno sita tu, na niliyajua kama sala.

Chumba cha mahakama kilijaa. Watu wa makosa ya barabarani waliitwa mmoja mmoja, na kila mmoja hakuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Kaingu aliposimama, karani alisoma shtaka kwa haraka, elfu na mia zikamwagika pamoja.

"Ni kweli au si kweli?" hakimu aliuliza.

"Ni kweli."

Nilisimama. Magoti yangu yaligonga benchi la mbele, mzee mmoja akageuka.

"Mimi ndiye," nilisema.

Askari wa mlango alikuja, akainama karibu nami. "Keti, dada. Jina lako halijaitwa."

"Lakini mimi ndiye niliyeandika."

"Ukiitwa utasema. Keti."

Hakimu alikuwa akiandika. Sijui kama alinisikia. Kaingu alinisikia, maana shingo yake ilikakamaa, lakini hakugeuka. Nikaketi. Nilingoja niitwe, na waliita jina la mtu mwingine.

Alifungiwa leseni mwaka mmoja, na faini ikalipwa na Bwana Gershom. Kwenye meza ya karani Kaingu aliipangusa kadi ya leseni kwenye suruali kabla ya kuitoa.

"Mwaka unahesabiwa kuanzia leo au kesho?" aliuliza.

"Leo."

"Leo yenyewe imeshapita nusu."

"Basi umepata nusu ya bure," karani akasema, akaifungia kwenye droo.

Pale nje Bwana Gershom alikuwa amekuja na dereva mpya, mtu mzima mwenye leseni ya malori, kwa sababu Jumapili ile kulikuwa na mashindano. Alimpiga Kaingu begani, akamwambia mambo hupita, mwaka si mbali. Kaingu alitoa funguo za pikapu mfukoni akampa yule mwenzake.

"Kwenye mteremko anza breki mapema," alimwambia. "Mapema kuliko unavyofikiri. Na gia ya kurudi nyuma ina ubishi, usiilazimishe."

"Asante, ndugu."

"Haya."

Alivuka barabara bila kuangalia kama ninakuja. Nilimfuata, hatua kama tano nyuma, kwa kuwa sikujua kama alitaka nitembee naye. Hakuongeza mwendo, wala hakunisubiri.