Ijumaa ya Watoto

Jumanne saa nane mchana, mashine ya kupigia pasi mashuka ilipozimwa ipoe, Winfred alichukua fomu ya kufulia iliyoharibika, akaigeuza upande mweupe na kuanza kuandika ratiba. Alikuwa msimamizi wa dobi katika hoteli moja ya West Bay, Doha, chini kabisa, kwenye ghorofa isiyo na dirisha hata moja. Kazi ya kupanga safari za watoto ilimwangukia kwa sababu yeye peke yake, kati ya akina mama wa kundi lao, ndiye aliyepata mapumziko kila Ijumaa bila kuyaomba. Saa mbili asubuhi: kupokea watoto, Abu Hamour. Saa tatu: gari la Joram. Saa nne: bustani ya makumbusho, picha. Saa sita: chakula. Saa nane: uwanja wa Kombe la Dunia, nje tu. Saa kumi na moja kasorobo, adhana ya magharibi: kuagana.

Watoto walikuwa sita safari hiyo, wa kati ya miaka kumi na mitatu na kumi na saba. Walikuwa Kenya, likizo ya Desemba, kwa nyanya na shangazi zao, na wangekuja kama walivyokuja wenzao miaka ya nyuma. Mama hupiga simu nyumbani Alhamisi jioni na kumwambia mwanawe, kesho tunatembea. Mtoto hulala, na asubuhi huonekana amesimama kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa la Abu Hamour, na nguo zile zile alizolalia. Kule nyumbani mwili hubaki umelala kutwa nzima, na nyanya huambiwa asiutikise. Kila mtoto huja mara moja tu, na akifikisha miaka kumi na minane njia hufungwa. Nani alianzisha utaratibu huo hakuna aliyejua, na Winfred hakuwa mtu wa kuuliza maji yametoka wapi wakati ana kiu.

Alichojua yeye ni mambo ya usafiri. Mwaka wa kwanza walijaribu metro, na milango ya kugonga kadi ikafunguka kwa akina mama na kujifunga mbele ya watoto, wakapoteza saa nzima wakitazamana kupitia kioo. Ndiyo maana sasa wanatumia gari la Joram, ambaye siku nyingine hubeba walinzi zamu kwa zamu na haulizi abiria wake wametoka wapi. Winfred alijua pia kwamba watoto hao hula vizuri, lakini chakula hubaki sahanini vile vile kilivyokuwa, ila kimepotewa na chumvi. Kwa hiyo sahani sita zilitosha watu kumi na wawili, mradi mama akubali kula chapati chapwa.

Wake mwenyewe, Eugene, alikuja mwaka juzi. Alikuwa na adabu tele, alimbebea mamake mfuko siku nzima, na mara tatu alimwita aunty. Winfred hakumsahihisha. Tangu hapo ratiba zake zimejaa pomoni, kwa sababu watu wanaokimbizana na saa hawapati nafasi ya kuitana vibaya.

Kwenye kundi la WhatsApp walivutana siku mbili. Kerubo, aliyekuwa mlezi wa mapacha huko Abu Hamour, alitaka watoto wapelekwe kwenye duka kubwa lenye uwanja wa barafu. Mwanawe, Trevor, alikuwa ameomba uwanja wa mpira na hakutaka habari ya barafu. Kila mwaka kuna mtoto anayeomba aonyeshwe mahali mama yake anapolala, na kila mwaka jambo hilo haliingii kwenye ratiba. Akina mama hawalijadili. Huliruka tu, kama watu wanavyoliruka dimbwi la maji.

Jina lililobaki na alama ya kuuliza ni Tiffany. Mama yake, Gakii, alifanya kazi ya nyumba kwenye jumba moja la Al Wukair, na katika miaka mitano tangu atoke Meru hakuwahi kupata Ijumaa hata moja. Mkataba wake ulisema siku moja ya mapumziko kila wiki. Mkataba huo ulikuwa kwenye droo ya Madam, pamoja na pasipoti, na droo ilikuwa na ufunguo. Safari hii Madam alikuwa amesema inshallah. Winfred, aliyeishi Doha miaka tisa, alijua kuna inshallah ya Mungu na kuna inshallah ya Madam.

Gakii alipiga simu Jumatano, akizungumza chini chini kama mtu aliye ndani ya kabati, na huenda ndimo alimokuwa. Alisema Tiffany anafikisha miaka kumi na minane mwezi wa Januari, na baada ya hapo basi. Alisema amemnunulia viatu.

"Nimwite au nisimwite, Mama Eugene? Wewe ndiye unajua haya mambo."

Winfred alitazama ile alama ya kuuliza. Aliwaza kwamba mtoto akija na mama asiwepo, itakuwa vibaya, na asipokuja kabisa itakuwa vibaya zaidi. Hivyo ndivyo alivyowaza, na baadaye hakujidanganya kwamba aliwaza vingine.

"Mwite," akasema, akaifuta alama.

Ijumaa saa mbili watoto walikuwa ukutani, wote sita, wakipikicha macho. Trevor alikuwa amevaa kaptura na soksi moja. Kerubo alimshika masikio yote mawili, akamgeuza kichwa huku na huku kama anayechagua tikiti maji sokoni, kisha akalia. Mama wengine nao walilia kidogo, wakanyamaza, wakatoa nguo kwenye mifuko. Tiffany alikuwa mrefu kuwashinda wote. Alikuwa na sweta ya shule juu ya leso, miguu mitupu, na alikuwa akiwatazama akina mama mmoja mmoja, kwa makini, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya matokeo.

Ujumbe wa Gakii uliingia saa mbili na dakika kumi. Wageni wamekuja, watu arobaini, chakula cha mchana. Madam amesema labda Ijumaa nyingine. Viatu alikuwa amevituma tangu jana kwa dereva wa jirani, navyo vilikuwa mikononi mwa Joram. Vilikuwa vya namba aliyoikumbuka mama, namba ya mtoto wa miaka kumi na miwili. Tiffany alijaribu kuingiza vidole, akavikunja visigino, akavivaa kama kandambili.

"Aunty, mum ako wapi?"

Winfred alimweleza kama ilivyokuwa, bila kuipaka sukari. Alimwambia leo atatembea na wao, wote ni mama zake, mkono mmoja haulei mwana. Tiffany alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema mji ameshauona kwenye simu, na yeye hakujia mji.

"Nipeleke tu kwa mum."

Haikuwa kwenye ratiba. Kerubo alimvuta Winfred kando na kumwambia kwamba siku ina saa chache, na watoto watano hawawezi kulipia kosa la Madam wa mtu mwingine. Alikuwa na haki. Hata hivyo Winfred aliwashusha wengine kwenye bustani ya makumbusho, akawaachia maji na chapati, akamwambia Joram ageuze gari. Njiani Tiffany aliweka paji la uso kwenye dirisha akatazama minara ya West Bay ikipita. Kioo kilionyesha kiti kitupu na mkanda.

Jumbani kwa Madam waliingilia mlango wa nyuma, wa jikoni. Gakii alikuwa amesimama mbele ya sinki, mikono imezama hadi viwikoni kwenye mchele unaooshwa. Aligeuka. Mama na mtoto walitazamana kwa muda mrefu kuliko watu wanavyotazamana, na maji ya bomba yakawa yanamwagika. Gakii hakumkumbatia, kwa sababu mikono ilikuwa na maji na sweta ilikuwa ya shule.

"Umekula?" akauliza.

"Bado."

Alimpa kipande cha mkate. Akaonyesha kwa kidevu mlango mwembamba kando ya stoo, ulio wazi nusu: godoro, feni, kalenda ya kanisa. Tiffany alikitazama chumba hicho kwa utulivu, akitafuna.

Ndipo Madam akaingia kuangalia nyama imefikia wapi. Alimwona msichana, akaona viatu vilivyokunjwa visigino, na uso wake haukubadilika. Alikuwa mwanamke mwenye sauti laini ambaye hakuwahi kumpigia mtu kelele, na Gakii mwenyewe alimsifia hilo. Aliuliza kama huyu ni binti yake. Gakii akasema ndiyo, Madam.

"Mashallah. Ana mikono mizuri," Madam akasema, akachukua aproni nyuma ya mlango na kumpa Tiffany. Sinia zilikuwa ishirini, na zote zilihitaji kupanguswa.

Winfred alisema kwamba mtoto amekuja kutembea, ni siku moja tu aliyonayo. Madam alimjibu kwa upole kwamba atatembea baadaye, inshallah. Tiffany alikuwa amekwisha kuifunga aproni. Alisimama bega kwa bega na mamake kwenye sinki, akachukua kitambaa, na viwiko vyao vikawa vinagusana. Winfred aliona haya, haya ya kweli, ya mtu aliyefungua mlango asioweza kuufunga. Lakini watoto watano walikuwa wakimngoja bustanini, naye akarudi garini.

Ratiba iliyobaki ilifuatwa. Trevor aliuona uwanja kwa nje, akahesabu milango hadi akapoteza hesabu. Adhana ilipoanza, kila mama alikuwa ameshika mkono, na adhana ilipokwisha kila mama alikuwa ameshika mfuko wenye nguo. Huko Al Wukair, kama Gakii alivyosimulia, sinia ya kumi na tisa ilibaki mezani imepanguswa nusu, kitambaa juu yake kikiwa bado na joto la mkono.

Jumamosi nyanya alimpigia Gakii simu kutoka Meru. Tiffany ameamka salama, ila vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa, na chumba kizima kinanuka dawa ya kusafishia choo. Nyanya hakuwa na swali. Alikuwa anatoa taarifa tu.

Ijumaa iliyofuata Tiffany alikuja tena. Hakuna aliyemwita na hakuna aliyempokea Abu Hamour. Alitokea moja kwa moja jikoni, saa kumi na moja alfajiri, akavaa aproni. Akina mama walilijadili kundini, kwa sababu mtoto huja mara moja. Kerubo aliandika kwamba labda siku ya kazi haihesabiwi kuwa siku. Wakaendelea na habari za mizigo ya Krismasi.

Januari msichana alitimiza miaka kumi na minane, na bado akaja. Alisugua mazulia kwa brashi, akakunja abaya, yale mabuibui ya Madam, akalala dakika kumi za mchana kwenye godoro la mamake, mgongo kwa mgongo. Shuleni walimu walisema Ijumaa haonekani, na Jumatatu anasinzia.

Mwezi wa pili Gakii alijikaza, akaenda sebuleni, akaomba Ijumaa moja amtembeze mwanawe mjini. Madam alimsikiliza hadi akamaliza. Kisha akamuuliza, kwa sauti ile ile laini, kwa nini anataka kutoka na mtoto anakuja hapa hapa.

Winfred alisimuliwa haya kwenye simu, huku mashuka yakizunguka nyuma yake. Alimuuliza Gakii alijibu nini. Gakii alisema alirudi kupanda ngazi, kwa sababu siku hiyo walikuwa wanashusha mapazia, na Tiffany alikuwa amemshikia. 

"Na usinicheke, Mama Eugene," akasema. "Alhamisi ikifika, mimi nafurahi."