Maombi ya Maji Taka

Mwaka wa tisini na sita, mavi ya ploti yetu nzima pale Kibera yalipita mbele ya karai langu la samaki. Samahani, mimi hutaja kitu kwa jina lake. Muema, bwana afya wa kanjo, yaani baraza la jiji, alikuwa na adabu kuliko mimi. Aliyaita maji taka, kisha akanipa hadi Ijumaa: yasipokauka, anafunga meza yangu. Meza hiyo ndiyo imenilisha tangu nitoke Siaya.

"Hii ni kazi ya landlord," alisema. "Bomba lote la hapa ndani ni lake mpaka kwa shimo la sua. Kanjo tunaanzia hapo. Sasa shimo iko wapi?"

Shimo hilo la kuzibulia maji taka halikuonekana. Landlord wetu, Mzee Jeconia, aliishi Kawangware, na alikuwa mzee wa kanisa letu. Nilipomfuata huko alinipa chai, akasema hakuna shimo lolote, shida ni wapangaji kutupa matambara chooni.

Wanzala, fundi wa bomba aliyepanga chumba cha tatu, hakubishana na mtu. Alianzia chooni, akafuata bomba hatua kwa hatua akigonga sakafu kwa nyundo. Akaishia chumbani kwangu, chini ya kitanda.

"Nereah, huyu mzee alijenga juu yake," akanong'ona. "Sua imeziba hapa. Kuizibua, lazima hii room ivunjwe."

Nilikaa na neno hilo siku mbili, nimekasirika hata kula sili. Nikinyamaza, nina kitanda bila kazi. Nikisema, nina kazi bila kitanda. Lakini samaki ndio wanaonilisha, kitanda hakijawahi kunipikia hata uji. Tena Jeconia alikuwa na chumba kitupu karibu na lango. Nikajiambia, kwa aibu tu atanihamishia huko.

Alhamisi ilikuwa zamu yangu ya maombi ya nyumba kwa nyumba, na mzee wa kanisa ndiye hufunga maombi. Kwetu anayeomba hakatizwi. Hata akiomba upuzi, mnafumba macho mnangoja amina. Ndiyo maana watu husemana kwenye maombi mambo ambayo hawathubutu kuambiana ana kwa ana.

Nikafumba macho.

"Baba, mguse mtumishi wako Jeconia. Unajua alijenga chumba juu ya shimo la sua, akakipangisha. Unajua ni hiki tumeketi ndani. Mpe nguvu akivunje kesho asubuhi, kabla Muema hajafika. Wanzala yuko tayari na sururu, Baba."

"Amina!" wakanguruma wote. Wanzala alisema mara mbili. Nilichungulia: midomo ya Jeconia iligoma kidogo, kisha naye akasema amina. Angekataaje? Nilifurahi.

Ndipo akasimama kufunga.

"Baba, asante kwa dada Nereah, aliyejitolea chumba chake kwa ajili ya majirani bila kudai kingine. Kile cha langoni tayari umempa mpwa wangu. Mfungulie dada mlango kwingine, Baba, kesho hiyo hiyo."

"Amina!" wakanguruma wale wale. Nami nikajisikia nikiitikia.

Kesho yake Muema alikuta pamekauka kabisa, akanunua hata samaki mmoja. Nilimfungia kwenye gazeti nikiwa nimekalia godoro langu kando ya njia, nikamuuliza kama anajua mahali kuna chumba.